Mudzipela: Ekru ya nane ilikataa siku 3

BUNIA, Ituri. – Katika mtaa wa Mudzipela kuna garaji moja isiyo na ukuta wala kibao. Kuna mwembe, mabati machache juu ya nguzo, meza ya mbao iliyolowa mafuta, na chini ya meza kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani ya kopo hilo hamna maziwa. Kuna vipande vya buloni zilizovunjika: vichwa bila miguu, miguu bila vichwa. Mwenye garaji, mzee ambaye mtaa mzima unamwita Papa Fundi, amevikusanya kwa miaka mingi. Mwanafunzi mpya akifika, kabla hajashika hata funguo ya 10, anamwagiwa vipande hivyo juu ya meza na kuulizwa: "Hizi zilivunjwa na nini?"

Karibu wote wanajibu: kutu. Papa Fundi anatikisa kichwa. "Kutu inashika tu. Anayevunja ni mtu."

Kijana mmoja wa garaji hiyo anakijua kipande chake ndani ya kopo. Alifika Bunia mwaka 2018, bado mtoto, pamoja na mama yake, wakikimbia mauaji ya Djugu kama maelfu ya watu wengine. Walilala kwanza kambini, halafu kwa shangazi. Shule ilikatika. Garaji ndiyo iliyobaki. Halipwi mshahara, anakula mchana pamoja na Papa Fundi, na jioni anapewa kitu kidogo ikiwa kazi imekuwa nzuri. Kwa kijana wa namna hiyo, ufundi ni shamba lake. Hana lingine.

Kipande chake ni buloni nyembamba iliyokuwa inashika kifuniko cha maji kwenye injini ya taksi moja. Dereva alikuwa amesimama pembeni akihesabu saa. Buloni ilikataa. Kijana alichukua tiyo ya chuma, akaivika kwenye mkono wa funguo ili apate nguvu zaidi, akavuta. Ilikuja kwa ulaini uliomfurahisha, na hapo hapo ikakatika. Alipojaribu kutoboa mguu uliobaki ndani, ncha ya kutobolea iliteleza kando na kula aluminiamu, maana aluminiamu ni laini kuliko chuma cha buloni. Kazi ya nusu saa ikawa kazi ya wiki nzima, kichwa cha injini kikashushwa, na gharama ikamwangukia Papa Fundi. Mzee hakumpiga wala hakumfukuza. Alimpa kile kipande akitie mwenyewe ndani ya kopo.

Ndiyo sababu asubuhi ya Jumatatu moja, pikapu ya samaki ilipoingia chini ya mwembe, kijana alijificha kidogo nyuma ya meza.

Pikapu hiyo ni Toyota ya miaka mingi, na kazi yake inajulikana: kushuka Tchomia na Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, na kupanda tena Bunia na samaki wa chumvi. Ziwa liko karibu mita 600 chini ya muji. Wakati wa kupanda mlima na mzigo, injini inafanya kazi kama punda, na chuma kinachokusanya moshi ubavuni mwa injini, kile mafundi wanakiita kolekta, kinapata moto mkali sana. Gari likifika linapoa. Kesho yake moto tena. Juu ya hapo kuna maji ya chumvi yanayodondoka kutoka kwa samaki, yanapita kwenye sakafu ya bodi na kuingia chini. Chumvi inaharakisha kutu. Mwenye kutaka kujua gari limebeba nini miaka yote hii, alale tu chini yake na kuangalia.

Dereva, baba wa watoto 5, alieleza tatizo lake kwa maneno machache. Injini imeanza kupiga kelele ya "tak-tak-tak" asubuhi. Na mvua ikinyesha, akifunga vioo, kichwa kinamuuma.

Papa Fundi alimwambia kijana awashe injini, akapitisha kiganja karibu na kolekta bila kuigusa, na kusikia hewa ya moto ikitoka pasipopaswa. Gasketi, ile sahani nyembamba inayoziba kati ya kolekta na kichwa cha injini, ilikuwa imeungua. Moshi ulikuwa unapenya hadi ndani ya kabini. Ndani ya moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina harufu wala rangi. Inaanza na kuumwa kichwa na usingizi. Inaweza kuishia kwa kifo, hasa gari likiwa limefungwa vioo.

"Papa, gari hii haitembei mpaka tumalize," mzee alisema.

"Mzigo wangu uko Tchomia," dereva alijibu. "Samaki hawangojei."

Maneno yake si ya kisirani. Dereva wa Bunia asipotembea, pesa ya kila siku ya mwenye gari haipatikani. Tena watu wa barabara wanajua kwamba safari ya ziwani inafanywa mchana, na kurudi ni kabla jua halijazama. Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi Mei 2021, na hakuna dereva anayetaka kukwama njiani jioni akiwa na mzigo wa watu. Haraka ya wenye magari wetu ina sababu zake. Lakini kutu haisikii sababu za mtu.

Kolekta ilikuwa imeshikwa na ekru 8, kila moja kwenye gujoni yake, yaani kijiti cha chuma chenye nyuzi pande zote mbili: upande mmoja umezama ndani ya kichwa cha injini, upande wa pili unapokea ekru. Gasketi haiwezi kubadilishwa bila kufungua zote 8. Saba hazitoshi.

Kazi haikuanza kwa kufungua. Ilianza kwa brosi ya chuma. Kijana alisugua kila ekru na sehemu ya gujoni iliyotokeza nje, mpaka nyuzi zikaonekana. Hatua hii wengi wanairuka, na ni kosa. Ekru inayotoka lazima ipite juu ya nyuzi zile za nje. Zikiwa zimejaa kutu na matope, ekru itaanza kutembea vizuri halafu itakwama njiani, na hapo ndipo gujoni inakatika.

Halafu mafuta. Wapo wanaonunua mafuta ya kopo ya kupuliza, kama WD-40. Wapo wanaotumia mazutu au mafuta ya taa. Papa Fundi ana chupa yake ndogo: nusu mafuta ya gia za otomatiki, nusu asetoni, ile dawa ambayo mama na dada wanaondolea rangi ya kucha. Vitu hivyo viwili havipendi kukaa pamoja, kwa hiyo chupa inatikiswa kila mara kabla ya kudondosha. Na kwa sababu asetoni inashika moto haraka, chupa haikaribii kiberiti, sigara wala injini yenye moto.

Mafuta peke yake yanakaa juu. Ili yaingie, chuma kinagongwa. Mzee alimwonyesha kijana kupiga kichwa cha gujoni na kingo za ekru kwa nyundo ndogo, si kwa hasira, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Kutu ni unga mgumu. Chuma kikigeuka kutu kinachukua nafasi zaidi ya mara 2 ya ile kilichokuwa nayo, ndiyo maana kinabana nyuzi kama kabari. Mapigo madogo yanavunja unga huo na kufungua nyufa ambazo mafuta yanapita.

Kisha walikunywa chai. Dereva hakunywa.

Karibu na saa sita walianza kufungua. Mzee alikataa funguo iliyo wazi mdomo, akataka soketi yenye pande 6. Ile ya pande 12 inashika kona tu, na kona zikiwa zimeliwa na kutu zinalainika na ekru inakuwa ya mviringo. Kisha akamfundisha kitu ambacho kijana hakukitegemea: "Kaza kwanza."

"Nikaze, Papa? Si tunafungua?"

"Kaza kidogo tu. Isikie ikitikisika. Halafu rudisha."

Sababu yake ni rahisi. Kutu imeishika ekru kwa kusukuma pande zote. Mwendo wowote, hata wa kukaza nusu ya unywele, unavunja mshiko huo. Ikishatikisika mara moja, inarudishwa robo mzunguko, inakazwa tena kidogo, inapewa mafuta, inarudishwa tena. Mbele na nyuma, kama mtu anayetoa kigingi kwenye udongo mkavu. Ekru ya kwanza ililia "kriii", sauti ambayo mafundi wanaipenda kwa sababu maana yake ni kwamba nyuzi zinaachana. Ya pili ikafuata. Mpaka saa tisa, 7 zilikuwa mezani.

Ya nane ilikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kabini, mahali ambapo mkono unaingia na jicho haliingii.

Kijana aliikaza kidogo. Hakuna. Akairudisha. Ilisogea, lakini alisikia mkononi kitu anachokikumbuka: ule ulaini, kama kukunja mpira. Aliachia mara moja. Mfunguaji yeyote anapaswa kuujua ulaini huo. Ekru inayofunguka inatikisika kwa ghafla, na mara nyingi kwa kelele. Funguo ikitembea polepole kama inavuta raba, na ukiachia inarudi ilipokuwa, basi ekru haijatoka mahali pake. Ni gujoni inayosokotwa, na hatua inayofuata ni kukatika.

Papa Fundi alikuwa ametoka kwenda sokoni kutafuta gasketi. Dereva aliinama, akaona tiyo ya chuma imeegemea mti, akaichukua mwenyewe na kumnyoshea kijana.

"Mwanangu, weka hii. Mara moja tu. Nikitoka sasa, bado nitawahi."

Kijana aliishika tiyo. Waliokuwepo wanasema alisimama nayo muda mrefu. Dereva ni mtu wa umri wa baba yake, na kwetu kijana hamwambii baba "hapana" mbele ya watu. Halafu aliirudisha kwenye mti, akasema kwa sauti ndogo: "Papa, unisamehe. Leo haitatoka. Nikiivunja, hautaenda wiki nzima. Kesho."

Dereva alimuuliza yeye ni nani wa kumpangia siku. Akasema mengine pia, ambayo hayafai kuandikwa. Akapiga simu, akatafuta mwenye gari lingine wa kumpandishia samaki, na faida ya safari hiyo ikaliwa na kodi ya gari la mwenzake. Papa Fundi aliporudi na kuhadithiwa, hakumsifu kijana wala hakumkaripia. Aliuliza tu: "Umeitia mafuta?"

Ilitiwa mafuta jioni, ikagongwa, ikaachwa ilale. Jumanne asubuhi tena mafuta, tena nyundo. Ikakataa. Saa nne mzee alivuka barabara kumwita mchomeleaji na mtungi wake wa moto.

Moto una kanuni zake, na hapa ndipo magari mengine yanateketea. Kwanza walimwaga maji ardhini, wakatoa betri, wakafuta mafuta yote waliyokuwa wamedondosha kwa kitambaa na kuacha pakauke. Chupa ya asetoni ikapelekwa mbali. Mipira ya mazutu na ya freni iliyo karibu ikafunikwa kwa kibati. Ndoo ya mchanga ikawekwa miguuni. Na moto ukaelekezwa kwenye ekru peke yake. Ekru ikipata moto inatanuka na kuachia gujoni iliyo ndani yake, ambayo bado ina baridi. Ukivichoma vyote viwili pamoja, faida inapotea. Lazima pia kuangalia ni chuma gani kiko nyuma. Kichwa cha injini kikiwa cha aluminiamu, moto usikae mahali pamoja, maana aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi na haigeuki nyekundu kwanza kukuonya.

Ekru ilipoanza kuwa nyekundu iliyofifia, moto uliondolewa. Papa Fundi akasubiri wekundu upotee, akachukua mshumaa wa kawaida, ule unaouzwa kwenye kila kibanda cha Mudzipela, na kuugusisha kwenye mpaka wa ekru na gujoni. Nta iliyeyuka na kunyonywa ndani, kama wiki ya taa inavyonyonya mafuta. Kijana alijaribu. Ilisogea labda upana wa punje ya mchele, ikalia, ikasimama.

Mchomeleaji alitaka waendelee. Mzee alisema: "Imesema neno moja. Kesho itasema la pili."

Jumatano walirudia yote. Moto, mshumaa, kukaza, kurudisha. Mafuta yaliwekwa tu baada ya chuma kupoa kabisa. Saa tano hivi, ekru ya nane ilianza kuzunguka. Haikutoka peke yake: ilitoka pamoja na gujoni yake, zimeshikana kama mume na mke, na shimo kwenye kichwa cha injini likabaki zima, nyuzi zake safi. Kwa fundi huo ni ushindi kamili. Gujoni mpya inanunuliwa sokoni. Shimo haliuzwi.

Kufunga tena kulikuwa rahisi, lakini mzee hakuruhusu haraka hata hapo. Mashimo yalisafishwa, gujoni zenye nyuzi mbovu zikabadilishwa, na ekru zote 8 zikawa mpya. Kila nyuzi ilipakwa kidogo grisi ya shaba, inayovumilia moto, ili siku nyingine zifunguke kwa amani. Zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili zaidi, ili gasketi ilale sawasawa. Injini ikawashwa, ikapata moto, ikapoa, zikaangaliwa tena. Ile "tak-tak-tak" haikusikika.

Dereva alilipa bila maneno mengi. Alipokuwa akipanda kwenye kabini alimwita kijana, akamuuliza jina la baba yake. Kijana alimwambia, na akamwambia pia kwamba baba alibaki Djugu. Dereva alinyamaza kidogo, akamwachia sahani ya samaki kwa ajili ya mama yake, akaondoka.

Mambo mengine ambayo mafundi wa mtaa wanaomba wenye magari wayashike ni machache. Usipige simu kila nusu saa. Gari linalobeba samaki wa chumvi lioshwe chini kwa maji safi kila baada ya safari, si juu tu kwenye rangi. Kabla ya kulazimisha, hakikisha buloni inafunguka upande unaoufikiri: baadhi ya malori, hasa ya zamani, yana ekru za magurudumu ya kushoto zinazozunguka kinyume, na wengi wamezikaza kwa jasho wakidhani wanazifungua. Na ukileta gari lenye kutu, uliza siku ngapi kabla ya kuuliza pesa ngapi. Fundi anayekuambia "kesho" kwa kukuangalia usoni anaweza kuwa anakuokolea wiki nzima.

Jioni ya Jumatano ile, kijana aliokota gujoni na ekru yake zilizoshikana, akainama chini ya meza akitaka kuzitia ndani ya kopo pamoja na nyingine. Papa Fundi alimzuia.

"Hiyo haikuvunjika," alisema. "Usiichanganye na zile."

Sasa inaning'inia kwa waya kwenye msumari juu ya meza. Wateja wanaosimama pembeni wakihesabu saa huuliza ni kitu gani. Kijana anawaambia: ile ilichukua siku 3.